Folda ya timu ikisumbua: jinsi ya kutafuta chanzo kwenye Google Drive

Kikundi kikishaanza kuweka kazi zake kwenye Google Drive, iwe ni ofisi ya shirika dogo, kamati ya shule, SACCOS au kamati ya ujenzi wa msikiti, malalamiko huwa yanafanana. Linki haifunguki. Faili ya jana haipo. Bajeti ziko tatu na hakuna anayejua ipi ndiyo yenyewe. Lawama huangukia intaneti kwanza, kisha yule kijana aliyeifungua folda, na mara nyingi wote wawili hawahusiki.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, uliza maswali mawili. Umeingia kwa akaunti ipi? Na nani mmiliki wa faili hiyo? Majibu ya maswali haya yanamaliza sehemu kubwa ya matatizo yaliyo hapa chini, na bila majibu hayo utazunguka siku nzima ukizima na kuwasha modemu.

Swali la pili ndilo watu wengi hawalijui. Kwenye akaunti za kawaida za Gmail, folda ya pamoja ni kama meza ya sokoni wanayochangia akina mama kadhaa: meza ni moja, lakini nyanya zina mwenyewe na vitunguu vina mwenyewe. Faili ni mali ya aliyeipakia au aliyeiunda, hata kama folda ilifunguliwa na mtu mwingine. Nafasi inayoliwa ni ya kwake. Akiitupa, imetupwa. Akifunga akaunti yake, faili inaondoka naye.

Linki inaniambia niombe ruhusa

Ukurasa wa kuomba ruhusa huonyesha anwani ya barua pepe uliyoingia nayo. Isome kabla ya kubofya chochote. Mtu mwenye anwani ya kazini na ya binafsi kwenye simu moja hushangaa kukuta Drive imefungua linki ya ofisi kwa akaunti ya nyumbani. Hapo hapo kuna sehemu ya kubadilisha akaunti. Badilisha, kisha fungua linki upya.

Kwenye kompyuta kuna kitu kidogo kinachosumbua zaidi, nacho kimo ndani ya linki yenyewe. Itazame vizuri. Kama baada ya neno drive kuna /u/1/ au /u/2/, aliyekutumia aliinakili kutoka kwenye kivinjari chake chenye akaunti zaidi ya moja, na namba hiyo inaelekeza akaunti ya pili au ya tatu katika mpangilio wa kivinjari. Kwake, namba 1 ni akaunti ya ofisi. Kwako, namba 1 huenda ni ile Gmail ya zamani uliyoifungua ukiwa chuoni. Futa kipande hicho, u pamoja na namba yake, bonyeza Enter, na linki itafunguka kwa akaunti yako ya kwanza. Ili kuepuka hili, usinakili anwani iliyo juu ya kivinjari. Bofya kulia kwenye folda na utumie amri ya kunakili linki.

Ikiwa akaunti ni sahihi na bado umezuiwa, muulize mwenye folda alimwalika nani hasa. Herufi moja ikikosewa kwenye anwani, mwaliko umekwenda kwa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine sasa ana ruhusa ya kuona nyaraka zenu. Kwa hiyo kazi haiishii kukualika upya. Mwenye folda arudi kwenye orodha ya watu aliowashirikisha na kuiondoa ile anwani isiyo sahihi. Nukta ndani ya anwani za Gmail hazina shida, kwa sababu Google haizihesabu.

Mwanachama anayetumia Yahoo au Hotmail ni suala jingine. Anaweza kufungua akaunti ya Google kwa kutumia anwani hiyo hiyo ya Yahoo bila kulazimika kuanzisha Gmail mpya, na wengi hawajui kwamba hilo linawezekana. Akishafanya hivyo, mwaliko uliotumwa kwenye anwani yake utafanya kazi.

Na kama folda ni ya taasisi, mathalani chuo au shirika la kimataifa, na wewe uko nje ya taasisi hiyo, huenda msimamizi wao amezuia kushirikisha watu wa nje. Hapo hakuna utakachofanya kwenye kompyuta yako. Mwombe mwenzako amwandikie msimamizi wao.

Kuna timu zinazochoka na haya yote na kuamua kufungua folda kwa "yeyote mwenye linki". Tatizo linaisha dakika ile ile, na ninaelewa kwa nini wanafanya hivyo. Lakini linki ikishaingia kwenye grupu la WhatsApp hamwezi tena kujua imefika wapi, na ikiwa ndani kuna orodha ya wanachama, namba za vitambulisho au stakabadhi za benki, mmeziweka mikononi mwa watu msiowajua. Aliyeruhusiwa kuhariri kwa njia hiyo huonekana kwenye faili kama mgeni asiye na jina, kwa hiyo hata kumtafuta aliyeharibu ni kazi. Tumieni njia hiyo kwa vipeperushi na fomu tupu, basi.

Naiona faili lakini siwezi kuandika

Chanzo cha kawaida ni daraja la ruhusa. Kuna mtazamaji, mtoa maoni na mhariri, na mwenye folda huchagua mojawapo wakati wa kukualika. Ukiwa mtazamaji utaisoma faili tu. Aliyepewa uhariri kwenye folda kuu huupata pia kwenye folda zote za ndani, hivyo mwenye folda aangalie alikualika wapi: kwenye folda kuu, au kwenye faili moja iliyo ndani yake.

Dalili nyingine ni ya ajabu kidogo. Ulikuwa mhariri, uliandika wiki iliyopita, leo faili imekataa, na hakuna aliyebadilisha ruhusa. Hapo angalia nafasi ya mmiliki. Akaunti ya mmiliki ikipita kiwango chake, Google huzuia kuhariri na kunakili faili zake zinazohusika, kwa kila mtu, mpaka apunguze vitu. Mhasibu yuko Dodoma anashindwa kujaza jedwali kwa sababu katibu aliyeko Tanga amejaza picha za harusi. Mkijua hivyo mnampigia katibu simu moja na mambo yanakwisha.

Mistari imepotea kwenye jedwali

Hii hupigiwa simu kwa hofu, na kwa kawaida hakuna kilichopotea. Mwenzako ameweka kichujio ili aone wilaya yake tu, na kichujio cha kawaida kwenye Majedwali ya Google humwathiri kila anayefungua. Tazama namba za mistari upande wa kushoto: zikiruka kutoka 4 hadi 19, mistari imefichwa. Ondoa kichujio, itarudi. Kwa siku zijazo wafundishe wenzako kutumia mwonekano wa kichujio, ambao hauwabadilishii wengine.

Kama mistari kweli imefutwa, fungua historia ya matoleo kwa Ctrl+Alt+Shift+H. Utaona nani alibadilisha nini na saa ngapi, na unaweza kurudisha toleo la kabla ya kufutwa. Faili za Excel na Word zilizopakiwa kama zilivyo zina historia fupi zaidi: Drive huhifadhi matoleo yao ya zamani kwa siku 30 au matoleo 100, isipokuwa toleo uliloliwekea alama ya kubaki daima. Ripoti iliyokabidhiwa kwa mfadhili iwekewe alama hiyo siku ile ile inapokabidhiwa.

Faili ilikuwepo jana, leo haipo

Usianze kuiandika upya. Faili inayotoweka kwenye folda ya pamoja huwa imehamishwa, au imeondolewa kwenye folda, au mwenyewe ameitupa. Kila moja ina tiba yake, na mbili za kwanza hazifuti kitu.

Anza na kumbukumbu za shughuli. Fungua folda kwenye kompyuta, bofya alama ya herufi i iliyo ndani ya duara upande wa kulia, kisha chagua sehemu ya shughuli. Drive itakuorodheshea kwa tarehe nani amepakia, nani amehamisha na nani ameondoa. Mara nyingi utakuta faili imehamishiwa folda ya jirani, na aliyehamisha hana habari: alikuwa akishuka chini kwa kipanya, kidole kikabaki kimebonyeza, faili ikakokotwa ikaingia folda ya Januari. Kuirudisha ni kuikokota tena.

Ikiwa kumbukumbu zinasema imeondolewa, angalia nani aliondoa. Mhariri hana uwezo wa kufuta kabisa faili isiyo yake. Anachoweza ni kuitoa kwenye folda, na kwa wengine wote inaonekana kama imefutwa, ilhali iko hai kwenye akaunti ya mmiliki. Jambo kama hilo hutokea pia mwenye folda akiifuta folda yenyewe: faili zilizowekwa humo na wengine hazifi, huhamia kwenye hifadhi ya kila mwenye faili, ila zimekosa folda. Tiba iko kwa mmiliki. Aingie kwenye Drive yake na aandike kwenye kisanduku cha kutafutia:

is:unorganized owner:me

Maneno hayo huleta faili anazozimiliki ambazo hazimo kwenye folda yoyote. Orodha yake ikiwa ndefu, azipange kwa tarehe ya kubadilishwa. Akiipata, airudishe kwenye folda ya timu.

Ndiyo maana ukiuliza kwenye grupu "nani amefuta faili?" utapata ukimya, maana hakuna anayekumbuka kufuta na kila mmoja anaogopa kusingiziwa. Uliza "nani aliipakia?" Mtu atajibu haraka, kwa sababu swali halina lawama, na jibu lake ndilo linalokupeleka kwenye akaunti inayopaswa kutafutwa.

Njia ya tatu ni mmiliki mwenyewe kuitupa, labda akiwa anatafuta nafasi. Faili iko kwenye tupio lake, na yeye peke yake ndiye anayeweza kuirejesha. Ana siku 30. Tangu Oktoba 2020 tupio la Drive hujisafisha lenyewe siku hizo zikiisha. Zamani vitu vilikaa humo mpaka uvifute, na wapo watu ambao bado wanaliamini tupio kama ghala. Baada ya hapo, kwenye akaunti ya Gmail ya kawaida nafasi ya kuipata ni ndogo mno. Kwenye akaunti za taasisi chini ya Google Workspace, msimamizi ana siku 25 zaidi tangu tupio liliposafishwa, na hurejesha data ya mtumiaji kupitia dashibodi ya usimamizi. Siku hizo zikipita hata yeye hana la kufanya, kwa hiyo mwandikie leo.

Kuna upotevu mmoja usio upotevu. Mtu anafuta njia ya mkato, ile ikoni yenye mshale mdogo, halafu anahaha. Njia ya mkato ikifutwa, faili halisi inabaki pale ilipo. Hatari ni kinyume chake: mtu aliyezoea kufuta njia za mkato akakutana na faili yenyewe na kuifuta akidhani ni zile zile. Hakikisha mshale upo kabla ya kufuta.

Nafasi imejaa

Akaunti ya bure ya Google ina GB 15, na nafasi hiyo inagawanywa kati ya Drive, Gmail na Picha kwenye Google. Tangu tarehe 1 Juni 2021 hata hati na majedwali mapya ya Google yanahesabiwa. Kuanzia 2024, nakala rudufu za WhatsApp kwenye simu za Android nazo zimeingizwa kwenye hesabu hiyo, na hapa ndipo wengi wananasa: nakala moja ya magrupu yenye video za kila asubuhi inaweza kula GB kadhaa bila mtu kuweka hata faili moja ya kazi.

Kumbuka ile meza. Kupunguza faili za mwenzako hakukuongezei wewe nafasi, na kununua nafasi kwa mwenye folda hakumsaidii mwanachama ambaye akaunti yake ndiyo imejaa. Anayeshindwa kupakia ndiye atazame ya kwake. Ukurasa wa drive.google.com/drive/quota hupanga faili unazomiliki kuanzia kubwa, kwa hiyo anza juu. Ukishafuta, safisha tupio, kwa kuwa vilivyomo bado vinahesabiwa. Ila kabla ya kusafisha, pitia majina yake yote taratibu, maana huko ndiko faili za timu hupotelea: mtu anatafuta nafasi usiku, anakuta video ya GB 2 aliyoipakia mwaka juzi, amesahau kwamba ndiyo kumbukumbu pekee ya mkutano mkuu.

Kwenye WhatsApp, ondoa video kwenye nakala rudufu kupitia mipangilio ya gumzo. Peke yake hatua hiyo huwa inatosha.

Nakala nyingi za faili moja

Bajeti_2025.xlsx, Bajeti_2025 (1).xlsx, Bajeti_2025_MPYA_mwisho.xlsx. Watu huilaumu Drive, lakini nakala hizi hutoka kwenye njia tunazofanyia kazi.

Chanzo kikubwa ni WhatsApp. Mtu anapakua faili kutoka Drive, anaituma kwenye grupu ili mwenyekiti aione kwa simu, mwenyekiti anairekebisha, anairudisha grupuni, na mtu wa tatu anaipakia tena. Sasa ziko mbili, kila moja ina kitu ambacho nyingine haina. Tuma linki badala ya faili na njia hii inafungika.

Chanzo cha pili ni Excel kufunguliwa na watu wawili kwenye kompyuta mbili kupitia folda iliyosawazishwa, yaani ile ambayo nakala yake hukaa kwenye kompyuta na kwenye wingu kwa pamoja. Programu haijui ichukue kazi ya nani, basi inahifadhi zote. Kwenye Dropbox, huduma nyingine kama Drive, utaona nakala iliyoongezewa jina la mtu, tarehe na maelezo kwamba imegongana. OneDrive, ile ya Microsoft, huongeza jina la kompyuta. Ukikuta nakala ya namna hiyo usiifute kwa kudhani ni takataka, kwa sababu ndani yake kuna kazi ya mtu ambayo haimo kwenye faili kuu. Zifungue zote mbili sambamba, hamisha kilichokosekana, kisha futa.

Kama jedwali linaandikwa na watu wengi kwa wakati mmoja, libadilisheni liwe Jedwali la Google na mkubaliane kwamba ile ya Excel inakwenda kwenye folda ya kumbukumbu. Hatua hiyo ya mwisho husahaulika: kubadilisha kunazaa faili mpya na kuiacha ya zamani pale pale, na nusu ya timu inaendelea kujaza ya zamani.

Faili haipandi

Kwenye simu, fungua mipangilio ya programu ya Drive. Kuna swichi inayosema faili zihamishwe kwa Wi-Fi pekee. Ikiwa imewashwa na wewe unatumia bando, faili itakaa ikisubiri hadi ufike kwenye Wi-Fi. Izime ukiwa na haraka, kisha iwashe tena, la sivyo video moja itamaliza bando lako la wiki. OneDrive kwenye Windows ina tabia kama hiyo: mtandao ukiwa umewekewa alama kwamba unalipiwa kwa kipimo, husimama yenyewe, na husimama pia kompyuta ikiwa kwenye hali ya kuokoa betri. Ikoni yake ya wingu, chini kulia, huonyesha alama ya kusitishwa. Bofya hapo uiamuru iendelee.

Kuna kompyuta za mezani za zamani ambazo kila umeme ukikatika, tarehe inarudi nyuma miaka. Kivinjari hukataa kufungua Drive na kusema muunganisho si salama, kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti hukaguliwa kwa tarehe ya kompyuta yako. Tazama saa kwenye kona. Ikiwa imekosea, irekebishe, kila kitu kitafunguka. Kisha mpe fundi abadilishe betri ndogo ya duara iliyo kwenye bodi, mara nyingi CR2032. Inapatikana kwa mafundi wa saa na bei yake ni ndogo.

Programu ya Drive kwenye kompyuta

Folda uliyoshirikishwa inaonekana kwenye kivinjari lakini haimo kwenye kompyuta: hiyo ni kawaida. Programu haileti vitu ulivyoshirikishwa mpaka uviwekee njia ya mkato ndani ya Hifadhi Yangu (My Drive). Fanya hivyo kwenye kivinjari, subiri kidogo, folda itatokea.

Faili zinaonekana ila hazifunguki mkiwa kijijini bila mtandao: programu imewekwa katika hali ya kutiririsha, ambapo kwenye diski kuna majina tu na maudhui yako kwenye wingu. Kabla ya kusafiri, bofya kulia kwenye folda mnayoihitaji na uchague ipatikane nje ya mtandao. Fanyeni hivyo siku moja kabla, kwa mtandao wa ofisi, maana kupakua kunachukua muda.

Umenakili folda nzima kwenye flashi, umefika nyumbani, faili zenye alama ya Google hazifunguki. Tazama ukubwa wake: ni ndogo sana, na mwisho wa jina kuna .gdoc au .gsheet. Hizo ni linki, maandishi yenyewe hayamo ndani. Hii inaumiza hasa pale timu ilipoamini kwamba flashi ile ndiyo nakala yao ya akiba. Nakala ya kweli ipakue kupitia kivinjari: Drive itazigeuza hati kuwa Word na majedwali kuwa Excel na kukupa faili ya zip. Folda ikiwa kubwa itakatwa vipande, zip kadhaa, na faili hutawanywa humo bila mpangilio unaoujua. Usiseme kuna kilichopungua kabla hujafungua zote.

Faili ya Excel inayogoma kufunguka ndani ya folda zilizopandana inaweza kuwa na anwani ndefu mno. Windows kwa desturi huishia herufi 260 kwa njia nzima ya faili, na Excel huishia 218. Sisi tunapenda majina kamili: "Ripoti za Utekelezaji za Robo Mwaka" ndani ya "Mradi wa Maji Safi na Usafi wa Mazingira" ndani ya "Nyaraka za Miradi Inayoendelea". Folda nne za namna hiyo zinatosha kufika ukingoni. Fupisha majina ya folda za juu, faili itafunguka.

Na programu ikianza kuonyesha faili za zamani huku kazi za karibuni hazionekani, usikimbilie kutenganisha akaunti wala kuiondoa programu. Novemba 2023 watumiaji wa matoleo ya 84 ya programu hii waliona kazi za miezi kadhaa zikitoweka kwenye kompyuta zao. Google iliwataka wasitenganishe akaunti na wasifute wala kuhamisha folda ya data iitwayo DriveFS, na Desemba ikatoa toleo lenye zana ya kurejesha. Sababu ni kwamba faili ambazo bado hazijapanda kwenye wingu huwa zimo humo kwenye DriveFS tu. Kwa Windows iko ndani ya AppData\Local\Google. Inakili kwenye diski ya nje kwanza, ndipo ujaribu mengine.

Mwenzetu ameondoka na folda ni yake

Hili ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linaloumiza vikundi vidogo zaidi. Kijana wa kujitolea alifungua folda kwa Gmail yake, akapata kazi mji mwingine, na sasa kumbukumbu zote za kikundi zinategemea akaunti ya mtu ambaye hayupo tena kikundini. Hana nia mbaya. Lakini akaunti ya Google isiyotumika miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo.

Akiwa bado anapatikana, mwombe akabidhi umiliki. Afanye kwenye kompyuta: afungue kisanduku cha kushirikisha, amchague mpokeaji, aombe kumhamishia umiliki, na mpokeaji akubali. Kuna mambo mawili ya kuangalia hapa. La kwanza, kukabidhi folda hakukabidhi faili zilizomo. Zinabaki zake hadi nazo azikabidhi. La pili, umiliki hauhamishwi kutoka Gmail ya binafsi kwenda akaunti ya taasisi kwa njia hii. Mkikwama hapo, tengenezeni nakala kwa akaunti ya kikundi. Historia ya matoleo haitakuja, lakini maudhui yatakuwa yenu.

Hapatikani kabisa, ila bado mna ruhusa ya kuona? Pakueni zote leo, kabla ya kujadiliana nani alaumiwe.

Kwa ofisi zenye Google Workspace, msimamizi asifute akaunti ya anayeondoka kabla ya kuhamisha faili zake kwa mtu mwingine. Mfumo wenyewe humuuliza hilo wakati wa kufuta. Akiwa ameshafuta, ana siku 20 za kuirejesha akaunti na kilichomo.

Kuna aina ya folda inayoondoa tatizo hili moja kwa moja: hifadhi ya pamoja (Shared drive), ambayo ilianza 2017 ikiitwa Team Drives, kisha ikabadilishwa jina 2019. Humo faili ni mali ya taasisi tangu dakika inapoingia. Mtu akiondolewa, kazi yake inabaki, na nafasi inahesabiwa kwa taasisi. Akaunti ya Gmail ya kawaida haiwezi kuiunda, ingawa inaweza kualikwa humo taasisi ikiruhusu. Shirika lisilo la kibiashara lililosajiliwa, katika nchi ambamo Google for Nonprofits inafanya kazi, linaweza kuomba Workspace bila malipo na kuipata hifadhi hii. Ni fomu na uthibitisho wa usajili, na kwa maoni yangu ndiyo kazi ya kwanza ambayo katibu wa shirika anapaswa kuifanya kabla ya kupakia hata faili moja.

Mkiipata, gaweni madaraja kwa uangalifu. Mchangiaji anaongeza na kuhariri lakini hawezi kuhamisha wala kufuta, na hilo linawatosha wajazaji wengi wa fomu na ripoti. Msimamizi wa maudhui anaweza kupanga folda na kutupa. Meneja ndiye anayealika watu na kufuta kabisa. Wekeni mameneja wawili, kwa akaunti mbili tofauti, ili simu ya mmoja ikiibiwa asubuhi, mwingine aweze kumwondoa kwenye orodha kabla ya saa nne.